Mashavu ya Dada Yangu

Kwetu Ihembe huwezi kujua kahawa imekauka kwa kuitazama. Tunda linaweza kuwa jeusi tii juu ya turubai, limesinyaa vizuri, kumbe ndani bado lina maji. Unaokota moja, unaliweka sikioni, unalitikisa. Punje zikigonga ganda zikalia, imekauka. Zikinyamaza, iache, jua liendelee na kazi yake.

Nyumbani mwenye sikio alikuwa dada yangu. Baba alikuwa anatikisa tunda lake, anatuangalia kwa ushindi na kusema, "Hii tayari. Leteni magunia." Dada anaokota la kwake, anafumba jicho moja. "Bado, baba. Siku mbili tena." Baba ananung'unika kwamba siku hizi watoto ndio wanaozaa wazazi, lakini magunia yanarudi ndani. Siku mbili zikipita, kahawa inalia. Hakuwahi kukosea.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na ugonjwa, mtu atadhani dada yangu alizaliwa mgonjwa. Yeye alikuwa mtu wa jua. Msimu wa kahawa alishinda uwanjani miguu peku, anaigeuza kwa nyayo, anaimba nyimbo za kwaya huku anabadilisha maneno ili zituseme sisi nyumbani.

Alinizidi miaka minne. Mimi shule niliishia kidato cha pili, nikaenda kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja pale Kayanga, na tangu hapo kichwa changu kimejaa duka. Duka lenye kioo mbele, na nyuma ya kioo lile sanamu la kuvalisha nguo, limevaa gauni nililoshona mimi. Nilipomwambia dada kwamba sanamu ni ghali, akasema, "Sanamu la nini na mimi nipo? Nitasimama mimi kwenye kioo. Ila unilishe, sanamu hili linakula." Kwa hiyo kila nilipotaka kujaribu mtindo nilimpima yeye. Vipimo vyake vya kifua, kiuno na mabega ninavyo kichwani mpaka leo, wakati namba yangu ya simu huwa naisahau.

Ugonjwa ulianza msimu wa kuchuma. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vinaamka vimevimba, hawezi kufunga vifungo. Mama akasema ni baridi. Halafu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Halafu ukaja wekundu mzito uliokaa kwenye mashavu yote mawili na kupita juu ya pua, kama mtu aliyezabwa makofi mawili ya nguvu sawa. Kila akitoka juani unazidi. Usiku homa, malaria akipimwa haipo. Majirani wakaanza kutuambia kwa sauti ya chini, "Mpelekeni akapime," na sote tulijua wanasema kupima nini. Akapima. Hiyo nayo haikuwepo. Basi wakasema karogwa, maana jambo lisilo na jina lazima lipewe mtu.

Jina tulilipata hospitalini, baada ya kwenda mara nyingi na kutolewa damu nyingi. Siku hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na dada. Daktari alikuwa mama wa makamo, anazungumza taratibu kama anayehofia kumwamsha mtoto.

"Ugonjwa huu unaitwa lupus," alisema. "Mnamjua mgambo wa kijiji? Kazi yake kulinda. Sasa fikirini mgambo aliyechanganyikiwa, hajui tena mwizi ni nani. Anaingia nyumbani anampiga mwenye nyumba. Kinga ya mwili wake ndiyo imekuwa hivyo. Haumwambukizi mtu, hakurogwa, hakufanya kosa. Hauponi ukaisha, lakini tunaweza kumtuliza huyo mgambo."

Akatupa masharti. Dada asikae juani. Akitoka, kofia, mikono mirefu, mwavuli. Vidonge kila siku baada ya kula. Kisha akaviinua vile vidogo vyeupe, akavishika muda mrefu kidogo.

"Hivi havikatwi ghafla. Hata siku mkiona anaweza kubeba mlima. Atakayevipunguza ni mimi, kidogo kidogo. Mmenielewa?" Akaniangalia. "Wewe ndiye utakayetunza dawa?"

"Ndiyo, daktari," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo.

Nyumbani nilipomweleza mama habari ya mgambo, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi tumwite mwenyekiti wa kitongoji amkanye." Tulicheka mpaka dada akashika mbavu, kisha mama akaingia jikoni, akakaa huko peke yake muda mrefu.

Cheo changu nilikishika vizuri. Vidonge niliviweka kwenye kopo la siagi lenye mfuniko mgumu. Kalenda ya usharika niliitundika mlangoni, kila asubuhi dada akimeza naweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu. Nilimshonea kofia pana za vitenge, tano, kila moja na gauni lake, na mikono mirefu yenye marinda ili isionekane ni mikono ya mgonjwa. Nilijiambia kwamba duka likifunguliwa nitauza na kofia.

Ila kwetu mtu mzima kukaa ndani wakati wenzake wako kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, ni aibu. Jembe halina habari ya lupus. Dada akipita na mwavuli asubuhi kweupe, hakuna wingu, wanawake wanaopalilia wanainuka.

"Malkia anapita! Wekeni majembe chini!"

"Shikamooni," dada anasema, maana wengine ni wakubwa.

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo mvua inayokunyeshea wewe peke yako tunaiomba na huku, maharage yanakauka."

"Nitawaletea jioni, mama zangu. Malkia hana jembe lakini ana njaa. Nani kapika leo?"

Wanacheka, anapita. Akifika nyumbani anakunja mwavuli, analala kifudifudi kwenye mkeka, hasemi na mtu. Mimi namkanda vidole na maji ya moto, tunajifanya tunazungumzia mitindo.

Baada ya miezi kama mitatu dawa zikaanza kufanya kazi. Vidole vikashuka. Homa ikaacha. Akaanza kula, na alikula hasa. Anamaliza sahani ya ndizi na maharage anaangalia yangu. Na uso wake ukajaa. Mashavu yakawa mviringo, yanang'aa, kidevu kikazama. Gauni lilelile nililomshonea nikalazimika kulifumua ubavuni.

Sijui kama mtu wa mahali pengine ataelewa mashavu yale yalitufanyia nini. Kwetu ukikutana na mtu ukamwambia amekonda, umemwambia ana msiba. Ukimwambia amenenepa, umembariki. Wale wale waliosema karogwa walisimama njiani. "We binti, umenawiri! Umenona kama mke wa ofisa!" Mama, aliyekuwa anapita njia za nyuma ili asiulizwe, akaanza kupita barabarani.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Kyerwa. Mara ya mwisho alikuwa amemwona dada akiwa mifupa na kilio. Alishuka kwenye bodaboda, dada akatoka ndani kumpokea, na shangazi akaangusha mkoba.

"Waitu! Huyu ndiye mliyenipigia simu mnalia?" Akamshika dada mashavu kwa mikono miwili kama anayepima mkate. "Mgonjwa ana mashavu haya? Wifi, huyu kapona! Mmekaa kimya na muujiza ndani?" Akapiga vigelegele palepale uwanjani, kuku wakatawanyika.

Jioni wakala, wakapanga shukrani. Jumapili inayofuata dada atasimama mbele ya usharika na mkungu wa ndizi na jogoo, amshukuru Mungu. Hilo hakuna aliyelipinga, na mimi nililitaka kuliko wote. Jumamosi asubuhi, baada ya chai, shangazi akaniona naleta kopo.

"Hizo ni za nini tena?"

"Dawa zake, shangazi. Anameza kila siku."

"Atamshukuru Mungu huku anameza? Ukimwambia mtu ahsante kwa deni alilokusamehe, kesho unarudi kumlipa? Hiyo si shukrani, ni kumwita mwongo."

Mama akaniangalia. "Daktari alisemaje?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Katika nyumba ile waliosikia maneno ya daktari ni wawili tu, na dada alikuwa amechoka na vidonge. Vilimkosesha usingizi, vilimfanya aonje chuma mdomoni. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto anayeomba asiende shule. Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, neno kwa neno, havikatwi ghafla. Lakini nilikuwa nimeshampima gauni la Jumapili hiyo. Nilikuwa nimeshaona kichwani dada yangu akitembea katikati ya kanisa, amenona, bila mwavuli, watu wote waliosema wakiona. Nikasema, "Alisema zitapunguzwa akipata nafuu."

Lilikuwa la kweli, na ndiyo maana likapita kirahisi. Nililiacha neno la daktari nusu, nikachukua kopo, nikalipandisha kwenye uchaga wa jikoni, juu kabisa penye masizi, nyuma ya vyungu. Hakuna aliyenituma kulificha. Nilitaka tu furaha isiwe na kitu kinachoitazama.

Jumapili hiyo ilikuwa nzuri. Siwezi kuisema vingine, ingawa ingenifaa iwe mbaya. Gauni lilikuwa la kitenge cha kijani na njano, mabega yamesimama. Dada alibeba jogoo, mimi nikabeba mkungu. Mama alilia kwa sauti. Nje, kwenye mnada wa sadaka, yule jogoo aliponyoka, mzee wa kanisa akamkimbiza na joho lake, dada akacheka, kichwa amekitupa nyuma, shingo yote juani. Nina picha hiyo kwenye simu. Kioo kimepasuka lakini nimekataa kubadilisha simu.

Siku ya nne akasema amechoka. Tukasema ni uchovu wa sherehe. Siku ya sita akaanza kutapika. Siku ya nane miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Asubuhi ya siku ya tisa nilimkuta amekaa chini kando ya kitanda, ananiangalia kana kwamba niko mbali sana, akasema, "Mdogo wangu, lete kopo."

Nilipanda kwenye kinu kulishusha. Lilikuwa na masizi, mikono yangu ikawa myeusi. Kalenda mlangoni ilikuwa na misalaba myekundu mpaka Ijumaa ile kabla ya shukrani, halafu peupe. Nilimpa vidonge, akavitapika. Tukampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, dada katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na dereva nikimshika koti. Njia nzima uso wake ulikuwa begani kwa yule kijana. Nilikuwa nikimwambia, "Tumefika, tumefika," tangu Ihembe.

Yule daktari alikuwepo. Alifanya kazi kwanza, akaweka dripu, akachoma sindano, akaita manesi. Baada ya muda mrefu ndipo akatoka, mimi nimekaa kwenye benchi na mikono yangu ya masizi.

"Dawa ziliisha?"

"Hapana."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka jogoo. Nilikuwa nangoja anigombeze, nilihitaji anigombeze. Akakaa tu kando yangu.

"Yale mashavu yalikuwa ya dawa," akasema. "Vile vidonge huwa vinajaza uso hivyo. Haikuwa afya. Nami nilipaswa kuwaambia hilo mapema, kwamba watu watamsifia."

Dada hakufa siku ile. Alirudishiwa vidonge na vingine vikaongezwa. Lakini mgambo alikuwa ameshaingia kwenye figo. Tulipelekwa Mwanza, tukakaa huko kipindi, ng'ombe wa baba wakaisha, na mwishowe tukarudi Ihembe na mfuko wa dawa na maneno mengi ya upole ambayo yote yalikuwa na maana moja.

Shangazi alikuja. Safari hii alishuka kwenye bodaboda taratibu. Alikuwa amenunua mwavuli mpya mweusi, mkubwa wa wanaume, akampa dada. Kisha akaingia jikoni, akaketi, akaanza kumenya ndizi. Alimenya mpaka zikawa nyingi kuliko sufuria. Mama akaketi naye, akamenya zake. Sikuwahi kusikia yeyote kati yao akimlaumu mwenzake, wala mimi. Ningejua la kufanya kama wangenilaumu.

Dada nilimwomba radhi mara moja tu. Nilikuwa nampima, siyo kwa gauni; nesi alikuwa ameniambia nipime mguu wake kila asubuhi kuona uvimbe, nami kipimo nilichokuwa nacho ni ile futi yangu ya ushonaji. Nikasema, "Dada, nilijua. Nilisikia alichosema."

"Hata mimi nilisikia. Masikio yangu si mabovu, uliza kahawa." Akaunyoosha mguu vizuri. "Lakini lile gauni lilinikaa. Sema ukweli."

"Lilikukaa."

"Basi andika kipimo cha mguu, utakisahau."

Ukafika msimu. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa uwanjani, mimi naigeuza. Dada alikuwa kitandani chumba cha mbele, dirisha limezibwa na kanga. Uso wake haukuwa tena na yale mashavu. Asubuhi moja, jua limeanza kupanda, akaniita.

"Nitoe nje. Nikae kwenye kahawa kidogo tu. Dakika tano."

"Jua, dada."

"Najua ni jua. Ndilo ninaloliomba."

Nilisimama pale mlangoni, kando ya kalenda iliyojaa misalaba, tangu turudi kutoka Mwanza hakuna hata siku moja iliyorukwa. Tangu siku ya kopo nilikuwa nimeapa sitavunja neno la daktari hata moja, hata nusu. Nikasema, "Hapana, dada. Jioni nitakutoa. Jioni jua likilala."

Hakubishana. Aligeukia ukuta, na mgongo wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliweza kuuhesabu.

Nikatoka. Nikakaa kwenye turubai nikashindwa hata kugeuza. Kisha nikachukua ungo, nikachota kahawa katikati kabisa, pale ilipopata jua vizuri, nikaujaza, nikaupeleka ndani ukiwa bado na moto. Nikauweka kitandani kando yake. Nikamshika mikono yote miwili, ile mikono iliyovimba, nikaizamisha ndani ya kahawa mpaka kwenye viwiko.

"Aa," akasema. "Ina jua."

Akakaa hivyo muda, macho yamefumbwa, vidole vinatembea polepole humo ndani kama vinatafuta kitu kilichoanguka. Chumba kizima kilinuka uwanja. Baadaye akatoa tunda moja. Nilimsaidia kulifikisha sikioni. Akalitikisa, au tuseme nililitikisa mimi kwa mkono wake. Akafumba jicho moja.

"Bado," akasema. "Siku mbili tena."

Jioni niliyomwahidi ilikuja na mvua ndogo, ile isiyo ya msimu, tukakimbilia kufunika kahawa, wala sikumtoa. Kesho yake kulipokucha alikuwa ameshaondoka. Mama ndiye aliyemkuta. Tulimzika na gauni la kijani na njano. Nilikaa kwenye cherehani siku nzima nikilipunguza, nafumua na kushona ubavuni, maana nilitaka limkae.

Siku ya mazishi watu walikanyaga kahawa wakiingia, baba hakuwazuia. Ilikuwa siku ya pili tangu dada aseme bado. Jioni, watu wakiwa kando ya moto wanaimba, nilitoka nikachuchumaa pembeni ya turubai, nikaokota tunda moja, nikaliweka sikioni, nikalitikisa.

Ilikuwa inalia.